Paka wa Nyumba Haingwa: Amana ya Kumkaribisha Paka Nyumbani

Alasiri moja ya msimu wa vuli, msichana wa miaka tisa alirudi kutoka madrasa hapa Mji wa Kale, Mombasa, akiwa ameukumbatia mfuko wake wa juzuu kwa namna isiyo ya kawaida. Mama yake, aliyekuwa na mimba ya miezi sita, alikuwa uani akichambua mchele pamoja na mama mkwe wake. Mimi jirani yao nilikuwa nimepita kurudisha mbuzi ya kukunia nazi niliyoiazima. Kabla mtoto hajawahi kutoa salamu, mfuko ukalia nyau.

Bibi alitangulia kuzitoa juzuu na kuziweka mahali pa heshima, kisha ndipo akamtoa kiumbe aliyekuwamo: mtoto wa paka mwenye milia ya kahawia, aliyelowa maji, mwepesi kama kifuu. Alikuwa ameokotwa kando ya mfereji.

"Mama, tafadhali," mtoto alisema, "akirudi nje atakufa."

Bibi akatabasamu. "Mwanangu," alimwambia mkwewe, "wazee walisema, paka wa nyumba haingwa."

Mkwewe alijibu kwa adabu, mikono ingali katika ungo: "Ni kweli, mama. Lakini huyu bado si wa nyumba. Tukishamwita wetu hatutakuwa tena na ruhusa ya kumwinga. Ndiyo maana naomba tufikiri kwanza."

Maneno hayo ndiyo yaliyonisukuma kuandika makala haya. Katika miji yetu ya pwani, kutoka Lamu hadi Vanga, paka wako kila pahali: juu ya kuta, chini ya meza za wauza samaki, kwenye vizingiti vya misikiti. Wengi wao si wa mtu. Kuwaona kila siku kumetufanya tudhani kwamba kufuga paka si jambo la kufanyiwa mashauri. Kwamba paka huja tu, na hukaa tu. Lakini baina ya paka anayepita na paka wa nyumba pana mpaka, na mpaka huo ni ahadi. Anayeuvuka amebeba amana.

Kiumbe aliyeruhusiwa kuingia

Wengi wetu tumelelewa tukijua kwamba paka si najisi. Asili ya hukumu hii ni kisa cha nyumbani kabisa, tena cha mkwe na mkwewe. Kabsha bint Kaab, aliyekuwa mke wa mtoto wa swahaba Abu Qatada (R.A.), alimwekea baba mkwe wake maji ya udhu. Akaja paka akitaka kunywa, na Abu Qatada akakiinamisha chombo hadi akanywa. Alipomwona Kabsha akimtazama kwa mshangao, alimweleza kwamba Mtume (S.A.W.) amesema paka si najisi, bali ni miongoni mwa wale wanaotuzungukazunguka majumbani. Hadithi hii imepokewa na Abu Dawud, Tirmidhi na wengineo.

Naye Abu Hurayra (R.A.), ambaye jina lake husikika karibu katika kila darsa, alipata lakabu hiyo kwa sababu ya paka mdogo. Katika riwaya iliyomo kwa Tirmidhi, anaeleza kwamba alikuwa akichunga mifugo ya jamaa zake. Usiku alikuwa akimweka paka wake mtini, na mchana akienda naye na kucheza naye. Tazama, ndugu msomaji: hata mchungaji asiye na mali alikuwa na mahali maalumu pa kumlaza paka wake, na alikuwa na wakati wa kukaa naye.

Upande wa pili wa mizani iko hadithi ya Ibn Umar (R.A.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Alimfungia hadi akafa. Hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie wadudu wa ardhini. Hadithi hii tumeisikia mara nyingi, lakini tuizingatie vyema. Mwanamke yule hakulaumiwa kwa kukataa kufuga. Alikuwa na njia mbili za salama: amlishe, au amwache huru. Aliyoichagua ni ya tatu, nayo ni kummiliki bila ya kumhudumia. Njia hiyo ya tatu ndiyo ambayo familia nyingi huiingia bila kukusudia, pale huruma ya siku moja inapokosa mpango wa siku ya pili. Sheria ya nchi nayo ina neno: Sura ya 360 ya Sheria za Kenya inakataza ukatili dhidi ya wanyama, na kumnyima chakula mnyama uliyemfunga ni ukatili.

Hesabu ya miaka

Paka anayetunzwa vyema huishi miaka 12 hadi 15, na wako wanaofika 20. Msichana wetu wa miaka tisa atakuwa na miaka 21 au 24 paka yule atakapokuwa mzee. Katika muda huo huenda akaenda shule ya bweni, akasoma chuo mbali na nyumbani, na akijaaliwa ataolewa. Paka atabaki na nani? Mara nyingi atabaki na mama.

Kwa hiyo mama ndiye wa kuulizwa kwanza, si wa mwisho. Naye ajiulize maswali yasiyohitaji elimu kubwa. Nani atamlisha asubuhi, hata katika siku za Ramadhani ambapo nyumba nzima imelala baada ya Alfajiri? Nani atasafisha uchafu wake? Tukisafiri kwenda Lamu kwa Maulidi, au kwenda harusini Tanga, ufunguo tutamwachia nani? Mwenye nyumba anaruhusu wanyama? Baada ya ada za shule na kodi, hubaki kitu cha chanjo na dawa ya minyoo?

Iwapo jibu la kila swali ni "binti wa kazi," basi tumemtwisha mtu mwingine amana yetu bila ya kumtaka shauri. Yeye naye aulizwe, na kazi hiyo ihesabiwe katika ujira wake.

Nyumba ipi, paka yupi

Nyumba zikitofautiana, na paka wa kuzifaa hutofautiana. Nyumba ya kale yenye ua na dari humfaa paka yeyote mwenye afya, kwani ana pa kupanda, pa kuota jua na pa kujificha wageni wanapojaa. Nyumba ya ghorofa yataka hadhari zaidi. Watu husema paka huangukia miguu na haumii. Kuangukia miguu huenda akaangukia, lakini anayedondoka kutoka ghorofa ya tatu au ya nne huvunjika taya, miguu na mbavu. Madirisha na roshani zitiwe wavu kabla paka hajaingia, si baada ya msiba.

Mwenye watoto wadogo sana, walio chini ya miaka mitano, huvutiwa na mtoto wa paka kwa kuwa wote ni wadogo. Mara nyingi hilo si shauri jema. Mtoto mchanga hukumbatia kwa nguvu, na mtoto wa paka hujitetea kwa makucha. Nyumba kama hiyo hufaa zaidi paka mkubwa mpole, aliyekwisha zoea watu, ambaye tabia yake inajulikana na ambaye akichoka huondoka zake bila ya ugomvi. Vivyo hivyo kwa bibi au babu anayeishi peke yake: mtoto wa paka mwenye kukimbia miguuni anaweza kumwangusha mzee, ilhali paka mtu mzima huketi naye tu.

Nyumba ambayo watu wote hutoka asubuhi na kurudi magharibi, ikitaka watoto wa paka, ichukue wawili waliozaliwa pamoja, iwapo ina uwezo. Watacheza wao kwa wao badala ya kuyararua mapazia kwa upweke. Na mwenye kufuga njiwa juu ya dari afikiri mara mbili. Paka hafundishiki kumwona njiwa kama ndugu, na hana kosa kwa umbile alilopewa na Mola wake.

Siku hizi familia zenye uwezo hutamani paka wa Kiajemi, mwenye manyoya marefu na uso bapa. Ni mzuri wa kutazamwa, lakini manyoya yake yataka kuchanwa kila siku, ama sivyo husokotana na kuumiza ngozi. Ule uso bapa humpa taabu ya kupumua na macho yasiyokauka machozi, na joto la pwani yetu humwelemea. Asiye na wasaa wa kumhudumia asimchukue kwa ajili ya picha.

Uzuri nao hauji kwa meli tu. Katika msitu wa Arabuko-Sokoke, kaunti ya Kilifi, wapo paka wenye milia na madoa yanayofanana na gome la mti, ambao Wagiriama huwaita khadzonzo. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Jeni Slater, mkaazi wa Watamu, aliwachukua watoto wa paka hao akawalea. Baadaye wazao wao wakapelekwa Denmark, na leo wanatambuliwa ng'ambo kama aina kamili ya paka, wakiitwa Sokoke. Paka wa kwetu, mwembamba mwenye manyoya mafupi, ameumbika kwa hali ya hewa yetu. Kwa nyumba nyingi yeye ndiye anayefaa.

Ukishajua unayemtaka, mtazame vizuri kabla ya kumchukua. Asiwe chini ya wiki nane, kwani kabla ya hapo bado anahitaji maziwa ya mama yake na mafunzo yake. Macho yawe maangavu yasiyo na tongo, pua isitoe makamasi, masikio yasiwe na uchafu mweusi, tumbo lisivimbe kama ngoma, kwani hiyo huwa dalili ya minyoo. Mtazame anavyotembea na anavyokula. Aliyeshikwashikwa na watu kwa upole tangu wiki zake za mwanzo hukua akiwapenda watu. Yule ambaye hakuguswa kabisa hadi miezi kadhaa huenda asiwe wa kupakatwa maishani mwake, ingawa anaweza kuwa mwindaji mwema wa panya. Paka wa rangi tatu karibu daima ni jike, na wa rangi ya machungwa mara nyingi ni dume. Ama paka mweusi, hana dhambi ya rangi yake. Mtume (S.A.W.) amekataza kuamini visirani, na kumpiga mawe paka mweusi kwa kudhani ni jini ni kumdhulumu kiumbe wa Mwenyezi Mungu.

Na anunuliwe au aombwe? Katika Sahihi Muslim, Jabir (R.A.) amesimulia kukatazwa kwa thamani ya paka. Imamu Nawawi, ambaye sisi wafuasi wa madhehebu ya Shafi tunamrejea sana, ameeleza kwamba makusudio ni paka asiye na manufaa, au kwamba katazo hilo ni la kupendelewa kuacha, ili watu wazoee kupeana na kuazimana paka kwa ukarimu. Kuuza paka mwenye manufaa basi kunafaa, bali kupeana ndiko kuzuri zaidi. Na ilivyo katika mitaa yetu, yenye paka wengi wasio na pa kulala, hakuna haja ya kwenda mbali.

Sahani yake

Wahenga walisema: paka hashibi kwa wali, matilaba yake ni panya. Methali hii husemwa juu ya watu, lakini kwa paka mwenyewe ni ukweli wa tiba. Mwili wake umeumbwa kuishi kwa nyama. Kiini cha lishe kiitwacho taurini, kilichomo ndani ya nyama na samaki, akikikosa kwa muda mrefu moyo wake hudhoofika na macho yake hupofuka. Makombo ya wali na ugali yanaweza kumjaza tumbo, lakini hayamlishi.

Yapo mengine ambayo jiko la pwani humletea bila ya kujua. Kitunguu maji na kitunguu saumu, viwe vibichi au vilivyopikwa, huharibu damu ya paka. Kwa hiyo mchuzi wetu, pilau yetu na biriani yetu si chakula chake, hata akilia vipi. Miiba na mifupa iliyopikwa humkwama. Ng'onda ana chumvi nyingi. Samaki mbichi akiwa ndiye chakula cha kila siku, baadhi ya aina zake humwondolea vitamini. Vichwa na mapande ya samaki vichemshwe bila ya viungo, vitolewe miiba, na vichanganywe na nyama, kuku au maini kidogo siku kwa siku. Mwenye uwezo anaweza kuongeza chakula cha paka cha pakiti. Maziwa ya ng'ombe, ambayo watoto hupenda kummiminia, huwaharisha paka wengi wakubwa. Anachokihitaji ni maji safi, yabadilishwe kila siku, hasa katika kaskazi.

Na hapa naomba akina mama tuwe macho. Panadol na dawa zote zenye parasetamoli ni sumu kwa paka; hata kidonge kimoja chaweza kumuua. Dawa za kupe zilizotengenezwa kwa mbwa nazo zina nyingine zinazomuua paka. Mwenye paka asitege sumu ya panya, kwani panya aliyekula sumu akiliwa na paka, wote wawili huangamia.

Twahara ya nyumba

Kuwa paka si najisi hakumaanishi kwamba kila kitokacho kwake ni twahara. Mkojo wake na mavi yake ni najisi, na mkeka au zulia lililopatwa halifai kuswaliwa hadi lioshwe na athari yake iondoke. Katika madhehebu yetu, unywele uliong'oka kutoka kwa paka aliye hai nao huhesabiwa najisi, lakini kidogo chake kimesamehewa, hasa kwa wale ambao ni vigumu kwao kuuepuka. Dini haikutaka kututia uzito. Tukunguteni nguo, tufagie, na mswala tuuhifadhi juu ya kabati badala ya kuuacha umetandikwa ukawa kitanda chake. Mwenye kutatizwa na jambo amuulize sheikh wake.

Njia rahisi ya kuilinda twahara ni kumpa paka choo chake. Beseni pana lenye mchanga mkavu au vumbi la mbao, likiwekwa mahali patulivu mbali na jiko na mbali na sahani yake, linamtosha. Paka kwa maumbile hupenda kufukia uchafu wake, na mara nyingi hujifunza kwa siku chache tu. Uchafu uondolewe kila siku. Paka akianza kukojoa nje ya beseni baada ya kulizoea, asipigwe. Huenda beseni ni chafu, au huenda anaumwa kibofu. Dume anayejikaza kukojoa na mkojo usitoke apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, kwani kuchelewa humuua.

Mja mzito, mtoto na mwenye pumu

Mama wa kisa chetu alikuwa na hofu mbili. Ya kwanza ilikuwa mimba yake. Amesikia, kama tulivyosikia wengi, kwamba paka huharibu mimba. Ukweli ni kwamba kuna kijidudu kiitwacho toksoplasma, ambacho mama akikipata kwa mara ya kwanza akiwa mja mzito kinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Kijidudu hiki hutoka katika mavi ya paka aliyeambukizwa, naye hukitoa kwa wiki chache tu, kwa kawaida mara anapoambukizwa kwanza. Nacho hukaa siku moja hadi tano kabla ya kuweza kuambukiza. Kwa hiyo kumpapasa paka si hatari kubwa. Hatari ni kinyesi kilichokaa, na udongo wa bustani. Mja mzito asisafishe beseni. Mwengine alisafishe kila siku. Akilazimika, avae glavu na anawe kwa sabuni. Tena asisahau kwamba watu wengi hukipata kijidudu hiki kwa nyama isiyoiva vizuri na mboga zisizooshwa, hata wasio na paka.

Hofu ya pili ilikuwa mwanawe wa kiume wa miaka minne, mwenye pumu. Kinachowasumbua wenye mzio wa paka kimo katika mate na ngozi yake, naye hukieneza kwa kujilamba. Unywele hukibeba tu. Hakuna aina ya paka asiye nacho kabisa, hata muuzaji akiapa. Mwenye pumu au mzio katika nyumba apelekwe kwanza kuzuru nyumba yenye paka, zaidi ya mara moja, na hali yake itazamwe, kabla ya familia kutoa ahadi yoyote.

Iko na hofu ya tatu ambayo wengi hawana, na yafaa wawe nayo. Kichaa cha mbwa, jina lake lisitudanganye, humpata paka pia, na dalili zake zikishaanza kwa binadamu, kupona ni nadra mno. Paka achanjwe anapofika miezi mitatu na chanjo irudiwe kama daktari wa mifugo atakavyoagiza. Ofisi za mifugo za kaunti ndizo za kuulizwa, na mara nyingi huwa na kampeni karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Mtoto akiumwa au kuparuzwa na paka asiyejulikana, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo. Asipakwe majani, wala asingoje kuona.

Watoto nao wafundishwe adabu: paka hashikwi mkia, hasumbuliwi akila wala akilala, na hubebwa kwa mkono mmoja chini ya kifua na mwingine chini ya matako. Anayejifunza kumsikiliza kiumbe asiyesema atajua pia kumsikiliza mdogo wake.

Hadithi ya nunda

Sote tulisimuliwa na mabibi zetu hadithi ya sultani na paka wake. Kila alipoletewa mashtaka kwamba paka amekula mnyama huyu na yule, sultani alijibu kwamba paka ni wake na mnyama ni wake, basi aachwe. Paka akaachwa, akakua, hata akawa nunda mla watu, na watoto wa sultani mwenyewe wakaliwa. Tulipokuwa wadogo tulimwogopa nunda. Tukishakua twaona kwamba kosa lilikuwa la sultani: alisema "wangu" bila ya kubeba jukumu la neno hilo.

Nunda wetu wa leo ni watoto wa paka wasiotakiwa. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano tu, hubeba mimba kwa takriban siku 65, na anaweza kuzaa zaidi ya mara mbili kwa mwaka. Nyumba iliyoanza na paka mmoja hujikuta na saba, na ndipo gunia linapofungwa usiku na kupelekwa sokoni au forodhani. Wengi wa watoto hao hufa kwa njaa au chini ya magurudumu. Yule aliyeokotwa kando ya mfereji na msichana wetu huenda alitoka katika gunia kama hilo.

Kuhusu kuwafunga kizazi, wanavyuoni wametofautiana. Wapo waliokataza kumhasi mnyama asiyeliwa, na wapo miongoni mwa wanavyuoni wa zama zetu walioruhusu pale paka wanapozidi, madhara yakawepo, na upasuaji ukafanywa na mjuzi bila ya kumtesa. Daktari wa mifugo ataeleza upande wa tiba. Upande wa dini tumuulize sheikh tunayemwamini. Lakini lisiwepo shaka katika hili: kuwatupa watoto wa paka wafe hakuna aliyekuruhusu. Asiyetaka kumfunga kizazi paka wake amfungie ndani jike anapokuwa katika joto, na kabla watoto hawajazaliwa awatafutie nyumba.

Siku tatu

Turudi uani. Mama yule alimwambia binti yake: "Tumpe siku tatu. Alale uani, tumtazame, nasi tujitazame."

Siku ya kwanza paka alikaushwa, akala samaki wa kuchemsha, akalala ndani ya kapu. Siku ya pili akaanza kucheza, na nyumba nzima ikacheka. Usiku wa siku hiyo kifua cha yule mtoto wa kiume kikabana, na mama yake alikesha naye ameketi, dawa ya kuvuta mkononi, hadi adhana ya Alfajiri.

Asubuhi msichana aliangalia chini, akidhani paka atarudishwa mferejini. Mama akamwambia: "Ulimwokoa, mwanangu, na Allah atakulipa. Lakini kifua cha ndugu yako nacho ni amana, na hiyo ilitangulia kuingia humu." Kisha akavaa buibui, akambeba paka ndani ya kapu, wakaenda wote wawili hadi nyumba ya tatu kwa shangazi wa mumewe, anayeishi peke yake na ambaye panya wamemchosha katika ghala yake. Hawakumwachia mlangoni. Waliketi, wakaomba, wakaeleza kila kitu: chakula, mchanga, chanjo, na kwamba gharama ya daktari wataichanga. Shangazi alifikiri kidogo, akasema: "Bismillahi, muacheni."

Sasa kila baada ya madrasa msichana yule hupita kwa shangazi yake na kibakuli cha samaki, husafisha beseni, huketi na paka magotini mpaka adhana ya Magharibi ikaribie. Anaporudi kwao huoga mikono na kubadili nguo kabla ya kumkaribia ndugu yake. Mtoto mchanga ameshazaliwa salama, alhamdulillahi.

Naye bibi, nilipomkumbusha juu ya methali yake, alisema: "Sikukosea. Paka wa nyumba haingwa. Ila ilibidi kwanza tuijue nyumba yake."

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wanaozitimiza amana, kubwa na ndogo, za watu na za wanyama. Amin.